Mawe Yatachanua Lini

Mtaa mzima ulimwita Mama Kokoto, naye hakukasirika, maana jina hilo lilikuwa tangazo la bure. Kazi yake ilikuwa kubuni bustani za nchi kavu: unang'oa nyasi, unachimba vijibonde vya kushika mvua hiyo hiyo kidogo inayokuja kwa kujivuta, unapanda shubiri, mkonge na dungusi, halafu unatandaza mawe ya rangi mpaka mwenye nyumba anasahau kama aliwahi kununua mpira wa maji. Na kuhubiri alijua, huyo! "Nyasi ni mtoto wa kudekezwa," aliwaambia wateja. "Kunywa anakunywa, kazi hana." Ukimkaribisha chai atakuuliza maji ya kusuuzia vikombe unayapeleka wapi.

Mahubiri yote yaliishia nyumbani kwake, kwa sababu bustani yake ndiyo iliyokuwa sampuli. Shubiri zimenona, kijani kibichi, zimetoa maua. Mawe ya zambarau na ya rangi ya kutu yanang'aa utadhani yametoka machimboni jana. "Tone hata moja sijawahi kuipa bustani hii," alisema, mkono kiunoni.

Zamani mahali hapo palikuwa na mawaridi ya mamkwe wake, aliyekuwa akiishi na yeye na mumewe. Mama huyo aliyanywesha maji aliyosuuzia nguo, ndoo mkononi, akiimba. Mama Kokoto aliyang'oa yote. Mamkwe hakugomba. Alisimama mlangoni, akatazama mawe yakimwagwa, akauliza kwa upole, "Mwanangu, na haya yatachanua lini?"

Sasa ikaja bahati. Idara ya maji ya mji ilikuwa inajenga ofisi mpya, nayo ilitaka bustani ya mfano isiyotumia maji. Mama Kokoto alikuwa amechoka kupamba vituo vya mafuta, akaitaka kazi ile mpaka usingizi ukamkimbia. Mkurugenzi aliahidi kuja Jumamosi asubuhi aione bustani ya nyumbani kwa macho yake.

Wiki hiyo hiyo akagundua kwamba tangi la kukingia mvua pale nyumbani limebaki na maji ya kulowesha vidole vya miguu. Nani ameyanywa? Nyasi hakuna. Bomba halivuji. Kikulacho ki nguoni mwako, akawaza, na akilini akamwona mwenye ndoo.

"Mama," alisema mezani, sauti imekaza, "kama unamwagilia mimea yangu kwa huruma, jua unaniharibia kazi."

"Sijaigusa, mwanangu."

"Basi ni shetani anayeoga humu!"

Mumewe, mtu wa maneno machache tangu azaliwe, alikoroga chai isiyo na sukari. Mamkwe alimtazama mwanawe, kisha mkwewe, akainuka. Alasiri alifunga mkoba wake akaenda kwa binti yake, mtaa wa pili. Hakulia, hakulaani, na hilo ndilo lililouma.

Jumamosi, kabla jua halijachomoza, Mama Kokoto akasikia maji. Alitoka mbio na gauni la kulalia. Akamkuta mumewe kainama katikati ya bustani, suruali imekunjwa hadi magotini, mpira wa maji mkono huu, brashi ya kufulia mkono ule, anasugua jiwe moja moja.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Naosha."

"Mawe?"

"Ulisema uzuri wa bustani yako ni rangi ya mawe. Vumbi likiyakalia siku moja tu, yote majivu. Nikaona wateja watakucheka." Akajifuta uso kwa mkono. "Naosha kila alfajiri, tangu uyatandaze. Tangi lilipokauka nikahamia bombani."

Mama Kokoto akaketi pale pale chini. Kumbe hata ule unono wa shubiri aliokuwa akijisifia ni wa mpira! Shubiri yenye kiu hukunja majani na kuwa nyekundu. Mwenyewe ndiye aliyewafundisha watu, na kwake hakuwahi kujiuliza. Mganga hajigangi.

"Mama alijua?"

"Alijua. Alinikataza nisiseme kabla mgeni wako hajapita. Alisema usije ukavunjika moyo."

Alitaka kumfokea, lakini machozi yakamtangulia.

Mkurugenzi alifika mawe yakiwa bado mabichi. Alizunguka, akainama, akashika kidevu. "Ajabu! Yanavyong'aa! Na hapa hamtumii maji kabisa?"

Neno moja tu lilitakiwa. Nyuma yake alisimama mumewe, suruali ikidondosha maji, na pale barazani kiti cha mamkwe kilikuwa kitupu.

"Tunatumia," alisema. "Mawe yanaoshwa kila siku. Bustani hii inakunywa kuliko ng'ombe. Nilikuwa nadanganya watu bila kujua, na leo najua."

Akangoja aagwe. Mkurugenzi akaangua kicheko. "Hilo tu, mama? Sisi ndio idara ya maji, tukose maji sisi? Boza la maji litakuja kila asubuhi. Mimi nataka mng'ao huu huu, na langoni kibao kikubwa: BUSTANI ISIYOTUMIA MAJI. Kazi ni yako!"

Mkurugenzi alipoondoka, Mama Kokoto alikwenda moja kwa moja kwa wifi yake, hata viatu hakubadilisha. Mamkwe alikuwa uani akisuuza nguo. Hakuinua kichwa.

"Mama, nisamehe. Nilikusingizia."

Mamkwe alikamua shati taratibu, akalianika. "Mawe yamechanua?"

"Yamechanua, Mama. Wameyapenda mpaka wanataka kuyaletea boza."

Mama wa watu alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Na kazi yao utaifanya?"

"Nitaifanya. Nitawatandazia mawe ya rangi ya vumbi, tuone watayaosha yawe nini."

Mamkwe akajifuta macho, akaingia ndani kuchukua mkoba wake. Alipotoka alimkabidhi mkwewe ndoo ya maji ya kusuuzia, imejaa pomoni.

"Shika, na usimwage hata tone," alisema. "Tunapitia sokoni kununua mche wa waridi."