Picha ya Tundu la Kilimani

Miaka ile ya dhiki, sabuni ikiuzwa kwa kujuana, Kasmiri alimuaga mkewe Jenoveva akaingia duarani, shimo la wachimbaji wadogo kilimani nyuma ya Butiama, kuchimba dhahabu kwa kujificha. Hakurudi. Mvua ilishusha udongo, mdomo wa duara ukapotea, na hata mahali lilipokuwa pakasahaulika. Mama mtu, bibi Boke, hakutaka kusikia habari ya msiba. Eti mwanawe yuko Kenya, anatafuta maisha! Basi hakukuwa na matanga, na Jenoveva akabaki si mke, si mjane. Miaka nenda rudi. Jamani, mtu anamliliaje mumewe kwa kificho?

Biashara zilipofunguliwa, kampuni ya wageni ikaleta mtambo wa kuchoronga miamba, kuitoboa matundu membamba ya kwenda chini. Mwamba wa pale umevunjikavunjika na kulala ovyo, huwezi kujua dhahabu imeelekea wapi. Kwa hiyo kila wakichoronga kipande, fundi wao Alawi, mtoto wa Musoma mjini, alishusha kifaa kinachopiga picha ukuta wa tundu. Siku moja chuma cha kuchorongea kikaporomoka ghafla, kimekuta utupu. Picha ikaonyesha gogo lililochongwa kwa shoka, limesimamishwa kuzuia dari. Duara la watu. Habari ilifika kijijini kabla ugali haujaiva.

Jenoveva alipanda kilima akihema, mkwewe nyuma yake. Alikuwa na furaha, Mungu amsamehe, furaha ya kwenda kuzika. Alimwomba Alawi wachimbe, hata mfupa mmoja utamtosha. Alawi alimjibu kwa upole, macho chini. Kifaa kinaona palepale tundu lilipopita, upana wa sahani, zaidi ya hapo hakioni. Na mwamba wenyewe umelegea mno, akichimba mtu utamfukia. Wakubwa wameshaamua tundu lizibwe kwa saruji, mtambo uhamishiwe upande wa pili.

Bibi Boke alingoja amalize.

"Mjukuu wangu, kwenye hiyo picha umeona mtu?"

"Hapana, bibi. Mtu sijaona."

Bibi alikaa chini kwenye kokoto akacheka, machozi yanamtiririka, akamshukuru Mungu na kampuni na Alawi mwenyewe. Jenoveva alitaka kusema kwamba kutoonekana si kuwa hai. Akamtazama yule mama mzee alivyofurahi. Nyuma yao saruji ilikuwa imeanza kumiminwa.

"Si nilikuwaga nakwambia?" bibi alisema, akiushika mkono wa Jenoveva apate kuinuka. "Yuko hai. Kesho ufue blanketi lake."

"Ndiyo, mama," Jenoveva akajibu.