Sauti Iliyohamia kwa Lawrence

Siku ambayo Sajini mstaafu Tarcisio Okwir alipigiwa simu na yeye mwenyewe, alikuwa ameketi barazani kwake Kisugu akipiga viatu rangi. Aliitika kwa adabu, akasikiliza, na kwa dakika nzima akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Hatimaye, aliwaza, amepatikana mtu katika Kampala hii anayejua kusema Kiswahili! Kila neno lilikuwa limevaa sare na kufunga vifungo vyote. Mtu huyo alimsalimu vizuri, akamuuliza hali ya nyumbani, kisha akamwomba, tafadhali, Jumapili, siku ya uchaguzi wa mtaa, akasimame nyuma ya Lawrence.

"Mama Acayo!" aliita. "Njoo usikie mtu aliyesoma."

Goretti, mkewe, akatoka jikoni na fungu la mboga mkononi. Alisikiliza kidogo tu.

"Huyo ni wewe," alisema.

"Mimi niko hapa."

"Uko hapa, na uko huko. Ila wa huko anasema tafadhali."

Tarcisio akaiweka simu chini taratibu, kama mtu aliyeshika nyoka akidhani ni mkanda.

Kwa haki, aibu hii hakuletewa na mtu. Alikwenda kuichukua kwa miguu yake. Alikuwa ameingia polisi akiwa na darasa la tano tu, akitokea Lango, kule kaskazini. Mchana alilinda lango la benki, jioni akakaa kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa kidevu, akisoma masomo ya watu wazima. Cheti alikipata akiwa na miaka thelathini na sita, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyezungumza naye kwa raha. Kiswahili cha Kampala ni cha askari na wachuuzi. Watu hukibeba kama matofali, kila mmoja anavyoweza, na mzigo hufika. Tarcisio hakuridhika na mzigo kufika. Walisema huko kambini kwamba aliwahi kumrudishia mwizi maelezo yake ya kukiri kosa, ili kwanza ayanyooshe. Alipoulizwa kama ni kweli, alijibu tu kwamba yule mwizi alinyooka.

Basi kampuni ya simu za Ndugu ilipotangaza kwamba inatafuta wazee wenye Kiswahili safi, ili simu zake mpya zijifunze kuzungumza, Tarcisio aliona kwamba dunia imechelewa lakini imefika. Siku sita alikaa katika chumba kidogo mjini, kuta zimefunikwa magodoro, akisoma kwenye maikrofoni: majina ya magonjwa, hali ya hewa, salamu, maombi ya kanisani, na kurasa nyingi ambazo hakukumbuka zilihusu nini. Mwishoni walimpa simu moja na cheti cha pili. Alivitundika vyeti vyote viwili sebuleni, na wageni walioneshwa kimoja baada ya kingine kabla ya kupewa chai.

Na sasa sauti ile ilikuwa inampigia kampeni Lawrence.

Lawrence alikuwa mwenyekiti wa mtaa, tena wa miaka mingi. Kila aliyetaka kitambulisho, kazi, au kumwandikisha mtoto shule alihitaji barua yenye muhuri wa mwenyekiti, na muhuri wa Lawrence ulikuwa hausikii mpaka uletewe kitu. Tarcisio alikuwa amegombea mara mbili na kushindwa mara mbili. Alitaka muhuri utoke kwenye droo ile bila mtu kuombwa chochote. Alitaka pia, hili hakulitangaza, kuziandika barua zile mwenyewe, kwa sababu za Lawrence zilimuumiza macho. Hii ilikuwa mara ya tatu, na alikuwa amejiambia hapatakuwa na ya nne.

Jirani yake Owuor, Mkenya mchomeleaji wa mageti, alipohadithiwa alizima mashine yake ili acheke vizuri.

"Mzee, si uliuza jogoo? Sasa unalia akiwika kwa jirani?"

"Sikuuza. Niliazimisha. Hiyo inaitwa akili mnemba, Owuor. Inajifunza kwa mtu aliyeelimika."

"Imejifunza, mzee. Imehitimu. Imepata kazi kwa Lawrence."

Asubuhi iliyofuata Tarcisio alivaa koti akaenda ofisi za Ndugu. Kwenye meza ya huduma alimkuta binti Mkenya anayeitwa Nasike, mwenye kucha ndefu na subira ndefu zaidi. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Pole, mzee wangu. Kwani hukusoma mkataba?"

"Binti, mimi husoma kila kitu."

"Hata huu ulisoma. Ngoja." Akabofya hapa na pale, akamgeuzia kipaza sauti. "Hii ni ya siku ya nne."

Sauti ya Tarcisio ikajaa ofisi nzima, nzito na tulivu: "Mimi, mwenye sauti, naridhia kwamba sauti hii itatumika, itauzwa na itahamishwa kwa mteja yeyote, kwa shughuli za biashara, dini au siasa, bila mimi kuulizwa tena."

Aliukumbuka ukurasa ule. Aliwaomba warudie mara mbili, kwa kuwa hakuridhika na alivyolitamka neno "itahamishwa". Na jambo la kwanza lililomjia kichwani pale ofisini, kama alivyomkiria Goretti baadaye huku akitazama sakafu, ni kwamba safari ya tatu alilitamka vizuri sana.

"Iondoeni," alisema.

"Haiwezekani, mzee. Huyo Lawrence amechukua kifurushi cha wagombea wadogo mpaka Jumapili jioni."

"Kuna wagombea wakubwa pia?"

"Wakubwa ndio wengi. Huyu anataka sauti ya mama, yule anataka ya pasta. Chama hiki, chama kile, wote wanakuja hapa, wanapishana tu mlangoni."

"Na ninyi mko upande gani?"

Nasike alimtazama kwa huruma. "Kampuni haina upande, mzee. Iko na wateja."

Tarcisio akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia dawa ya aibu, "Mimi mwenyewe nikitaka kuichukua, inifanyie kampeni mimi?"

"Kwa wenye sauti huwa tunapunguza kidogo," alisema Nasike. "Lakini umechelewa. Mtaa mmoja, mteja mmoja."

Alirudi nyumbani akaanza kuwapigia wapiga kura mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa Nnalongo, mama wa mapacha, muuza mkaa, ambaye watu wengi walimfuata.

"Nnalongo, ni mimi Tarcisio. Usisimame nyuma ya Lawrence."

"Eh, Afande! Wewe najua wewe nataka nini? Jana umeniambia mimi nasimama kwa Lawulensi. Umeuliza hata miguu yangu."

"Sikuwa mimi. Ilikuwa mashine."

"Masini gani nauliza miguu? Mimi nimekuuliza, wewe nani? Umejibu, mimi ni msaidizi ya kampeni ya Lawulensi. Nikasema banange, Afande amenunuliwa. Tena kwa adabu!"

"Nnalongo, nisikilize! Huyu ndiye mimi!"

"Huyu nafoka," alikiri Nnalongo, akipima. "Lakini hata masini inaweza kufoka. Kama wewe ni Afande ya kweli, sema Luganda."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Miaka arobaini mjini, na Luganda ya Tarcisio ilikuwa bado ni ya kumvusha mtu barabara tu. Kwa kuwa hakuijua vizuri, hakuisema kabisa. Mtu wa vyeti viwili hatembei nje na shati limechanika. Lakini Jumapili ilikuwa siku tatu tu mbele. Akavuta pumzi, akafumba macho, akamwaga yote aliyokuwa nayo.

Upande wa pili akasikia kitu kikianguka, kisha kicheko, kisha Nnalongo akiita majirani. Aliporudi kwenye simu alikuwa anahema.

"Ni wewe! Ni wewe kabisa! Masini haiwezi kuharibu hivyo!"

Siku tatu Tarcisio alipita mlango kwa mlango akiharibu Luganda. Yeye aliyewarekebisha watu kanisani, msibani na mahakamani, sasa alisimama kwenye vizingiti akirekebishwa na wauza chapati. Walimwomba arudie. Waliwaita waliokuwa chooni waje wasikie. Kinyozi mmoja alimwahidi kura kama angesema tena ile sentensi ya maji taka, na Tarcisio aliisema mara mbili, ya pili ikiwa mbaya kuliko ya kwanza. Jioni aliketi na miguu ndani ya beseni la maji moto.

"Nimekuwa mchekeshaji, Mama Acayo. Nimesoma miaka yote ile ili nije niwe mchekeshaji."

"Wanakupenda."

"Wanapenda makosa yangu."

"Unayo mengi, yatawatosha." Goretti aliongeza maji. "Kesho upite na kule kwa wajane. Unywe hata chai kwa Adyero."

Kule kwa wajane kulikuwa na vyumba vya mstari mmoja, karibu na bomba la maji, walipokaa wajane wa polisi na watoto wao wakubwa, wengi watu wa kaskazini kama yeye. Adyero, mjane wa koplo aliyefanya kazi chini ya Tarcisio, ndiye aliyekuwa kichwa chao.

"Wale ni wangu," alisema Tarcisio. "Askari haombwi kura."

"Nao wana simu, Baba Acayo."

"Wale ni wangu," alirudia, na hakwenda. Miguu ilikuwa inamuuma, lakini hiyo haikuwa sababu.

Huku kwetu mwenyekiti wa mtaa hachaguliwi kwa karatasi. Watu husimama mstari nyuma ya wamtakaye, mchana kweupe, jirani akimwona jirani. Jumapili, baada ya ibada, walikusanyika uwanja wa shule. Msimamizi, mtu mfupi aitwaye Augustin, alitangaza masharti: hakuna kampeni uwanjani, hakuna kelele, na wagombea wasimame mbele bila kuwaashiria watu.

Tarcisio alisimama wima, viatu vinang'aa, mikono ubavuni. Nyuma yake alisikia Nnalongo akihema, kinyozi, wauza chapati, na kicheko kilichokuwa kikipita kutoka mtu hadi mtu. Mstari ulikuwa mrefu. Hata bila kugeuka aliujua kwa urefu wa kicheko. Kisha akautazama mstari wa Lawrence, na moyo ukamshuka hadi kwenye viatu.

Katikati ya mstari ule uliopindapinda kulikuwa na kipande kilichonyooka kama rula. Watu kumi na wawili, kila mmoja umbali wa mkono kutoka kwa mwenzake. Wa kwanza wao alikuwa Adyero, kidevu juu. Macho yao yalipokutana, Adyero alimkonyeza.

"Mama Acayo," alinong'ona Tarcisio bila kufungua midomo. "Nenda ukamwambie."

Goretti akatoka kwenye mstari kama aendaye kunywa maji, akapitia upande wa pili, akarudi.

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Anasema anajua. Anasema ni mbinu yako, nisikuharibie."

"Mbinu gani?"

"Hajui. Anasema amri kwa Kiswahili kama kile haiwezi kutoka kwa mtu mwingine. Na kwamba afande akisema simama pale, mtu anasimama pale, sababu atazijua baadaye."

Tarcisio aliinua mkono ili awape ishara, hata ishara ndogo, ile ya kugeuza kikosi.

"Mgombea! Mikono chini!" alipaza Augustin.

Naye akaushusha. Kwa maana amri ni amri, na yeye ndiye aliyewafundisha hivyo.

Augustin alihesabu kwa kugusa mabega, akaandika, akahesabu tena. Tarcisio tisini na watatu. Lawrence mia moja na wanne. Hesabu ya kuhamisha kumi na wawili Tarcisio aliifanya papo hapo, na ilitoka kama alivyoogopa: angekuwa na mia moja na watano, Lawrence tisini na wawili. Lawrence alibebwa juu juu na watu wake. Nnalongo aliketi chini ya ukuta wa darasa akitukana kwa Luganda safi.

Vumbi lilipotulia, Adyero alikuja na watu wake kumi na mmoja. Walijipanga mbele ya Tarcisio bila kuambiwa. Alikuwa amevaa kofia ya marehemu mumewe, na uso wake uling'aa kama wa mtu aliyemaliza zamu bila kosa.

"Afande, tumetekeleza. Hakuna aliyetoka kwenye mstari."

Tarcisio alifungua kinywa. Angeweza kusema yote: chumba cha magodoro, siku ya nne, ukurasa alioutamka vizuri mno. Kiswahili cha kuyasema alikuwa nacho. Alimtazama mama yule, mwenye miaka sabini na kitu, aliyekuja na fimbo lakini akasimama saa mbili bila kuiegemea.

"Nimeona," alisema. "Mmesimama vizuri sana."

"Basi tutaambiwa lini, afande? Hiyo mbinu yenyewe?"

Nyuma yake Goretti alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanamcheza, na Tarcisio hakujua kama anacheka au analia. Hata yeye mwenyewe hakujijua.

"Bado inaendelea, mama," alisema Sajini Tarcisio Okwir. "Tawanyikeni."

Wakageuka kulia, wote kumi na wawili kwa pamoja, kama mguu mmoja.