Mkanda wa Bihogo

Mukarugwiza alikuwa akipalilia viazi vitamu nyuma ya nyumba yao kwenye kilima cha Kibagabaga, nje kidogo ya mji, aliposikia jirani yake Ntakirutimana akipiga kelele kwa mara ya tatu mwezi ule. Hakuhitaji kuuliza kuna nini. Alitupa jembe akakimbia. Alimkuta ng'ombe wao, Bihogo, yuko katikati ya maharage ya watu, na mumewe Gatera amesimama ukingoni na fimbo mkononi, akigeuza uso huku na huko.

"Amekwenda upande gani?" aliuliza Gatera.

"Niachie mimi," alisema mkewe, akaingia kumtoa.

Ntakirutimana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto saba na shamba moja. "Mama Kaliza," alisema kwa sauti ya chini, ingawa Gatera alisikia yote, "mzee namheshimu. Lakini haoni tena. Mfungeni huyo ng'ombe, au muuzeni."

Hiyo ilikuwa Februari 1991. Kwa miaka kumi na minane Gatera alikuwa mtunza bustani wa mzungu mmoja kule Kiyovu mjini, daktari wa mifugo. Vita vilipoanza mpakani, Oktoba iliyopita, mzungu alifunga mizigo akaondoka, na Gatera akarudi nyumbani kwake na macho ambayo ukungu ulikuwa umeyala taratibu. Sasa aliona mwanga na kivuli, basi. Kaliza, binti yao wa pekee, alikuwa ameolewa Butare. Nyumbani walibaki wao wawili na ng'ombe.

Walimfunga Bihogo kwa kamba. Wiki mbili hazikupita, kamba ikamchubua mguu na maziwa yakapungua. Lakini kilichomuumiza Mukarugwiza zaidi ni kwamba Gatera aliacha kutoka nje. Mtu aliyekuwa akiamka kabla yake, akimwimbia ng'ombe mashairi ya kumsifu pembe na mwendo, sasa alikaa ukingoni mwa kitanda hadi saa nne, mikono juu ya magoti.

Asubuhi moja alimwambia mkewe amvutie sanduku lake la nguo. Alipapasa chini kabisa akatoa mkanda wa ngozi wenye kikasha kidogo na vyuma viwili vifupi kama meno.

"Wa mbwa wa bwana," alisema. "Nilifukia waya kuzunguka bustani yote kwa mikono yangu. Mbwa akiukaribia, mkanda unalia. Akiendelea, unampiga shoti. Hakuwahi kukanyaga ua lolote. Bwana aliniambia wazungu wanajaribu hivyo hivyo kwa ng'ombe na mbuzi. Aliniachia vyote, na mashine inayotuma mlio kwenye waya, na waya wenyewe."

Mukarugwiza alicheka. Kisha alimtazama usoni akaacha kucheka, kwa sababu tangu Oktoba hakuwa amemsikia akisema maneno mengi hivyo kwa pamoja.

Kesho yake walishuka mjini kwa miguu, Mukarugwiza amemshika mumewe mkono wa shati. Katika mtaa wa Gitega kulikuwa na kibanda cha kutengeneza redio cha Ndayisaba, Mwislamu aliyejulikana na wengi, lakini mikono ya Ndayisaba ilikuwa ikitetemeka siku hizo na kazi aliifanya binti yake, Shakira. Alifungua kile kikasha na ile mashine, akavitazama, akatabasamu.

"Muzee, hii ni redio," alisema kwa Kiswahili cha Gitega. "Redio moja tu, wimbo moja tu. Iko nzima. Mashine nitaifanya itumie betri ya gari, kule kwenu umeme hakuna. Mkanda nao nitaushonea kipande, shingo ya ng'ombe si ya mbwa."

"Inauma kiasi gani?" aliuliza Gatera.

"Kidogo."

"Niwekee mimi kwanza."

Shakira alimtazama Mukarugwiza. Gatera alikuwa amekwisha kukunja mkono wa shati. "Sitamvisha Bihogo kitu nisichokijua," alisema. Shakira aliwasha mashine, akamgusisha vile vyuma kwenye mkono. Mkanda ulilia, tii, tii, kisha Gatera akashtuka mwili mzima. Alijisugua mkono.

"Punguza," alisema.

Shakira alipunguza mara mbili, na kila mara alijaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe kabla ya kumgusa mzee.

Machi mvua ilikuwa imelainisha udongo. Mukarugwiza alichimba mfereji mwembamba kuzunguka malisho yao, na Gatera akamfuata kwa magoti, akilaza waya kwa vidole na kuufukia. Alikuwa na kasi kuliko mkewe. Mara mbili alimfikia, mkono wake ukagusa kisigino cha mkewe, akakishika.

"Hiki nacho nikifukie?" aliuliza.

"Zee zima halina haya!" alisema Mukarugwiza, na uso ukamwaka kama wa msichana.

Juu ya waya walisimika vijiti na kuvifunga vitambaa vya kitenge kikuukuu, ili Bihogo apate kitu cha kutazama.

Siku ya kwanza mambo yaliharibika. Mkanda ulilia, Bihogo akashangaa, shoti ikampiga, naye badala ya kurudi akaruka mbele moja kwa moja hadi kwenye maharage. Gatera alisikia kwato na kilio cha ng'ombe, akamwambia mkewe, "Mvue. Mvue sasa hivi." Jioni ile hakula.

Shakira alipopata habari alipanda kilima siku iliyofuata, bila kuitwa. "Hajui aende wapi, ndiyo maana," alisema. "Mfundisheni. Ikilia tu, mgeuzeni."

Basi wakamfundisha. Mukarugwiza alimshika kwa kamba, Gatera akatembea ubavuni mwake na mkono juu ya mgongo wake, na kila mkanda ulipolia walimgeuza pamoja huku mzee akimwimbia. Siku ya nne mkanda ulilia na Bihogo akageuka mwenyewe. Tangu hapo Gatera alitoka kila asubuhi. Alikaa kwenye majani katikati ya malisho, na kwa ule mlio alijua ng'ombe wake yuko upande gani.

Waliishi hivyo wiki saba. Kisha maneno yakaanza. Waya umefukiwa ardhini, betri, mashine yenye taa nyekundu. Na nchi ilikuwa vitani, watu wakiogopa wapelelezi. Alasiri moja nyumbakumi, yule msimamizi wa nyumba kumi, alikuja na wanaume wawili, Ntakirutimana akiwa nyuma yao ameinamisha kichwa.

"Mzee, unazungumza na nani kwa mtambo huu?" aliuliza nyumbakumi.

Gatera alifungua mdomo, lakini Mukarugwiza alikuwa amekwisha kumvua Bihogo ule mkanda. Aliubana kwenye mkono wake mwenyewe akatembea kuelekea vitambaa. Tii, tii. Hakusimama. Shoti ilipompiga alitoa sauti, na Gatera akainuka bila fimbo, akaenda moja kwa moja hadi alipo mkewe, asijikwae hata mara moja.

"Umeumia?"

"Sijaumia." Akawageukia wanaume. "Mmeona? Kitu hiki hakizungumzi na mtu. Kinamwambia ng'ombe arudi. Mume wangu haoni, basi."

Nyumbakumi alitazama chini. Alikuwa mtu mwenye hofu zake. "Mama, nakuamini," alisema mwishowe. "Lakini wakubwa wakisikia, watakuja wengine, si mimi. Ng'oeni waya. Mashine nitaihifadhi kwangu."

Waliung'oa kesho yake, vijiti na vitambaa wakaviacha, na safari hii Ntakirutimana alikuja na jembe lake kusaidia. Hakusema kama ni yeye aliyepeleka habari, nao hawakumuuliza. Walipomaliza, Mukarugwiza alichukua kamba ya kumfunga Bihogo.

"Subiri," alisema Ntakirutimana.

Bihogo alikuwa akila kuelekea maharage. Alifika kwenye vile vitambaa, akainua kichwa, akasimama. Hakuna kilicholia. Aligeuka taratibu, akaendelea kula upande wa ndani.

"Amefanya nini?" aliuliza Gatera.

"Amerudi, mzee," alisema Ntakirutimana. "Amerudi mwenyewe." Alikung'uta udongo mikononi. "Juni nikivuna, mlete ale mabaki ya maharage kwangu. Nitamchunga mimi siku hizo."

Jirani alipokwenda, Mukarugwiza alikaa kwenye majani karibu na mumewe. Jua lilikuwa bado juu. Kazi ilimsubiri shambani na jikoni.

"Unafanya nini?" aliuliza Gatera.

"Nimekaa."

"Umekaa tu?"

"Nimekaa tu."

Gatera alisogea kidogo kumpa nafasi kwenye kivuli cha kofia yake, akaanza kuimba.