Tundu la Msumari

Mama Viraka alikuwa hana mchezo na dumu. Mpelekee limepasuka, limetoboka au limeng'oka mkono, yeye anachomeka nondo yake kwenye mkaa mpaka iwe nyekundu, anayeyusha kipande cha plastiki, anakandika, na ukitia maji halitoi hata tone. Mtaa mzima ulimtegemea, maana bomba lilikuwa moja na maji yalitoka alasiri tu, yakipenda.

Siku hiyo alikuwa amefura. Kijiti, binti wa marehemu kaka yake, ambaye Mama Viraka alimlea tangu ananyonya, alirudi na dumu tupu, lina tundu karibu na kitako. Juzi tu alikuwa ameliziba lingine kama hilo.

"Wewe mtoto, una meno mikononi?"

"Limekwaruzwa na jiwe, shangazi."

Uongo mtupu. Jiwe halitoboi duara. Ule ulikuwa msumari, tena umegongwa kwa nje, na fundi wa madumu humdanganyi kwa tundu. Mama Viraka akaona picha yote: wavulana, vicheko, michezo ya kijinga, maji yanamwagika.

"Nani anakutobolea madumu?"

"Ni jiwe, shangazi," Kijiti akarudia. Jibu lile lilimpandisha shangazi mori. Akachukua kipande cha mpira wa maji, akamchapa mgongoni, mikononi, popote mpira ulipoangukia, mpaka mwenyewe akaishiwa pumzi. Mtoto hakulia. Alijikunja tu, mikono kichwani. Shangazi akaliziba dumu huku anahema, akamsukumia.

"Rudi ukapange foleni. Na ukirudi bila maji, hapa usikanyage."

Jua lilikuwa linaanza kushuka alipokuja binti wa kinyozi na dumu lake. Tundu lile lile, msumari ule ule. Mama Viraka akalivuta, akaitia nondo motoni.

"Usiharakishe, shangazi," binti akasema. "Hata kesho sawa."

"Kesho kwenu mtakunywa nini?"

Binti akatazama chini. "Dumu zima linarudi bombani."

Ndipo akaeleza. Pale bombani watu hawasimami foleni, madumu ndiyo yanayopangwa, wenyewe wamekaa kivulini. Na Bwana Koki, mshika funguo, alikuwa na mguu wake. Kila mtu mzima akifika, dumu la msichana linasukumwa kwa mguu huo nyuma kidogo. Watu wazima waliona. Waliona vizuri sana, wakasogea mbele na kumshukuru Mungu, wakabeba maji yao wakaenda. Anayebaki mwisho anaambiwa ayafuate ndani, kwenye kibanda cha pampu. Wasichana wakakubaliana: ukiona unabaki mwisho, toboa, ukimbilie kwa Mama Viraka.

"Tunatoboa, wewe unaziba," binti akasema taratibu. "Leo zima ni la Kijiti peke yake."

Mama Viraka aliinyakua nondo vile vile nyekundu, kitambaa mkononi, akatoka mbio kanga inamdondoka na asiiokote.

Bombani hapakuwa na mtu. Mlango wa kibanda ulikuwa umefungwa kwa ndani, na ndani kitu kilikuwa kinagonga ukuta. Akaupiga bega mara ya kwanza, mara ya pili kitasa kikang'oka na misumari yake.

Bwana Koki alikuwa amembana Kijiti kwenye pampu, gauni limechanika shingoni, naye mwenyewe anavuja damu sikioni alipong'atwa.

"Mama, tuongee," akasema.

Nondo ikamjibu. Ilitua kwenye mkono uliomshika mtoto, nyama ikaungua ikanuka, akapiga ukelele uliofika barabarani. Akamrushia Mama Viraka teke la tumbo. Mama Viraka akayumba, hakuanguka. Akampiga taya, meno yakatoka. Akampiga gotini, mfupa ukalia. Mwanamume akaenda chini, na mama yule akawa anapiga tu, begani, mbavuni, huku analia kwa sauti na kumtukana matusi ambayo hajawahi kuyasema maishani. Akainua nondo juu ya kichwa. Alitaka kumuua, na angemuua.

"Nisamehe, shangazi."

Akageuka. Kijiti alikuwa amejikunja pembeni, mikono kichwani, vile vile alivyojikunja nyumbani. Hakuwa anamtazama Bwana Koki aliyekuwa anagalagala. Macho yake yalikuwa kwenye nondo.

"Nimechelewa, lakini nimejaza. Usinipige."

Mama Viraka akaitupa nondo kwenye dimbwi la maji chini ya pampu, ikachemka ikazima. Akanyoosha mkono amshike mwanawe, na mtoto akajibana ukutani kuukwepa.

Dumu lilikuwa pale mlangoni, limejaa mpaka mdomoni. Kiraka chake hakikutoa hata tone.