Jina Lililobaki Kinywani

Vumbi la tumbaku halina haya. Huingia kwenye kola, kwenye pindo la suruali, kwenye nyusi za mtu, na ukilifua leo kesho limerudi. Miaka yote ya ndoa yetu nilikufulia vumbi hilo, Evelio, na kila shati nililinusa kwanza kabla ya kulitia maji, maana mke mwenye akili hunusa ndipo afue. Sikuwahi kunusa kingine zaidi ya tumbaku. Hilo ndilo lililonipa usingizi zamani, na hilo ndilo linaloninyima usingizi sasa.

Wewe ulikuwa msomaji wa kiwanda. Wenzako walisokota sigara nene kwa vidole, na wewe juu ya jukwaa uliwasokotea maneno: asubuhi magazeti, mchana riwaya, ukumbi mzima umeinama mezani na masikio yamesimama. Wasokotaji wenyewe ndio waliokuchagua kwa kura. Walisema, sauti ya huyu inafika. Hapa Cabaiguán, mji wetu wa tumbaku huku Kuba, hata wauza mihogo walikuamkia kwa heshima.

Nyumbani ulirudi koo limechoka. "Edelmira," uliniambia, "sauti nimeiacha kule, kwako nimekuja kupumzika." Nikakupakulia wali na maharage meusi, tukala. Ukumbi ulikula maneno yako, mimi nikala ukimya wako, na sikulalamika. Nilijiambia kwamba mwanamume anayenyamaza mbele yako ni mwanamume aliyekuamini.

Kisha mwezi wa Februari kiharusi kikakupiga ukiwa unanyoa ndevu. Mkono wa kulia ukalegea, mdomo ukaenda upande, na maneno yote, ya magazeti na ya riwaya, yakamwagika pasipojulikana. Likabaki moja tu.

Zoraida.

Ulitaka maji, ukasema Zoraida. Ulitaka shuka, ukasema Zoraida. Jua lilipokuchoma kibarazani, Zoraida. Mvua ilipokunyeshea, Zoraida. Na siku ile nilipokuosha miguu, ukanishika kwa mkono wako mzima, machozi yakikulengalenga, ukakusanya pumzi yako yote ili unipe neno moja la shukrani, nami nikalingojea kwa moyo wangu wote. Zoraida, ukasema.

Mimi naitwa Edelmira.

Jirani yetu Nieves hana kazi ya kufanya ila kuegemea ukuta. "Shoga, kasemaje leo?"

"Kasema yale yale."

"Mh. Mti mzima umeng'oka, mzizi mmoja umegoma. Ujue huo ndio uliokwenda chini."

"Nieves, kaanike nguo zako."

"Zangu nimeshaanika. Za kwako naona anakuanikia mumeo."

Nilicheka, kwa sababu ukichekwa bora ucheke na wewe. Lakini nilipoingia ndani nilikaa kitandani na aproni yangu, nikawaza kila mwanamke niliyewahi kumwona akikusalimia barabarani. Hapana moshi pasipo moto. Niliwapanga mmoja mmoja, na kila mmoja nikambandika jina hilo usoni kuona kama linamkaa.

Nilikuwa nikikupeleka kwa Yusleidi, yule binti wa zahanati anayefundisha watu wazima kusema upya. Mtaani wanamwita fundi wa ndimi. Nilimshuku tangu siku ya kwanza. Nilishuku kucha zake za rangi mbili, nilishuku kioo alichokuwekea mbele, nilishuku mshumaa aliokupulizisha kama mtoto mbele ya keki. Alikuonyesha picha ya kikombe, ukasema Zoraida. Alikuonyesha picha ya mbwa, ukasema Zoraida. Binti hakukasirika hata kidogo, na hilo pia nililishuku.

"Usimmalizie neno, mama," aliniambia. "Hata kama unalijua. Akikwama, mngojee. Mwulize jambo moja moja, usimlundikie."

Mimi nimngojee? Nimengojea maneno ya mtu huyu tangu nikiwa bibi harusi.

Siku moja akakuimbisha wimbo wa siku ya kuzaliwa. Na wewe, Evelio, ukaimba. Uliimba maneno yote, mwanzo hadi mwisho, laini, yamenyooka, bila kujikwaa. Nilisimama pale na mkoba wangu mkononi, damu ikanipanda.

"Kumbe anaweza," nikasema. "Anayeimba anashindwaje kusema? Huyu ananificha."

"Hafichi, mama. Wimbo una mlango wake na maneno yana mlango wake. Mlango mmoja umebomoka, mwingine umesalimika."

"Na huyo Zoraida kapita mlango gani?"

Yusleidi alikunja picha zake polepole. "Neno linalobaki si lazima liwe lile mtu alilolipenda. Mara nyingi ni lile lililozoea kutoka lenyewe, bila kufikiriwa. Mwingine hubaki na tusi. Mwingine hubaki na ndiyo, ndiyo, ndiyo. Hebu fikiria, mama, ni wapi alikuwa akilisema jina hilo kila siku?"

Kila siku. Binti alidhani amenipa dawa. Nilitembea na maneno hayo mawili hadi nyumbani, nikikusukuma kwenye kiti chako cha magurudumu, na yalinichoma kama kokoto ndani ya kiatu. Mwanamume anayemwita mwanamke kila siku, mpaka jina lake likazoea kutoka lenyewe. Na la kwangu, lililolala mto mmoja nawe, halikuzoea.

Jioni ile nikampigia simu dada yako Hortensia kule Placetas.

"Njoo Jumapili umchukue kaka yako."

"Amekuchosha, wifi?"

"Kama hilo jina analoliita lina mwenyewe, sitamwosha kwa niaba ya mwingine. Damu yake imwoshe."

Hortensia akasema atatafuta gari. Nikakata simu. Sikujuta. Nilisema moyoni: nitakupa mpaka Jumapili, Evelio, na kabla ya Jumapili nitamwona huyo mtu kwa macho yangu. Akiwa ni wako, uende. Asipokuwa wako, ubaki. Jambo lilikuwa hilo tu, wala halikuhitaji maombi.

Ijumaa nikavaa gauni la bluu, nikapaka poda, nikaenda kiwandani. Sikuwahi kuingia ukumbi ule. Saa ulizokuwa ukisoma wewe, mimi nilikuwa jikoni mwa shule nikipakulia watoto wa watu, ndiyo maana sauti ile iliyosifiwa na mji mzima mimi niliisikia kwa kusimuliwa. Jukwaa lako lilikuwa tupu. Redio ilikuwa inakoroma juu ya kiti.

"Namtafuta Zoraida," nikasema.

Visu vilinyamaza. Ni vile visu vifupi visivyo na mpini, vya kukatia majani. Mtu mmoja akanionyesha kwa kidevu: meza ya mwisho kabisa, karibu na ukuta.

Nilitaka awe mzee sana, au mbaya sana, au kijana sana nipate kumchukia vizuri. Hakuwa hivi wala vile. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, nywele za kijivu, rangi ya mdomo ya kiasi, vidole vyeusi vya tumbaku. Nilipofika akageuza shingo, akanipa sikio la kushoto.

"Mimi ni mke wa Evelio."

"Nakujua, dada. Keti."

"Sijaja kukaa."

"Basi semea sikio hili. Lile jingine lilishakufa."

Nikasema kwa sauti ambayo ukumbi wote ulisikia, na wala sikujali. "Mume wangu amebakiwa na neno moja duniani, na neno hilo ni wewe. Nataka kujua kwa nini."

Aliweka jani chini.

"Maskini Evelio," akasema. "Dada, mimi nimekaa huku nyuma na sikio langu bovu tangu ujana. Siku ya kwanza alipopanda pale sikusikia kitu, nikalalamika mbele za watu. Tangu hapo, kabla hajakunjua gazeti, ananiita mimi kwanza. Zoraida? Nikimsikia, nagonga kisu mezani. Nikigonga, anajua sauti imefika mwisho wa ukumbi, ndipo anawaamkia watu na kuanza kusoma. Nisipogonga, anaita tena."

"Kila siku?"

"Kila siku ya kazi. Mpaka watu wakawa wanatucheka."

"Wanawacheka kwa nini?"

"Watu hucheka, dada," akasema, akainamisha macho.

Kisha akachukua kisu chake, akagonga ubapa wake mara moja kwenye ubao ili anionyeshe. Meza ya jirani ikaitikia. Ikaitikia na ya mbele yake. Ndani ya muda mfupi ukumbi mzima ulikuwa unagonga, ko, ko, ko, kama wanavyompongeza msomaji aliyemaliza vizuri, na jukwaani hapakuwa na mtu. Niliondoka mbiombio nikiwa na hasira kubwa, kwa sababu nilitaka kulia na sikutaka waone.

Je, nilimwamini? Nusu. Mwongo hodari hutengeneza uongo wenye mlio. Na yale macho aliyoyainamisha, Evelio, niliondoka nayo.

Jumamosi kutwa uliita, na mimi sikugonga kitu. Nilikuwa nikiogopa, na nasema wazi kwamba nilikuwa nikiogopa. Nikigonga nawe ukabaki kunikodolea, basi yule mwanamke amenichezea mbele ya ukumbi mzima, na ndoa yangu ilikuwa shati la kukopa. Nikigonga nawe ukaendelea, hapo ndipo pabaya zaidi. Maana yake tangu Februari umekuwa ukiuliza kama sauti yako inafika, asubuhi, mchana na jioni, ukauliza kwa maji na kwa shuka na kwa machozi, na ndani ya nyumba hii hakuna aliyekujibu.

Zoraida, ukasema saa ya chakula. Zoraida, ukasema nilipokufunika. Nikazima taa.

Jumapili asubuhi begi lako lilikuwa mlangoni, mashati yamekunjwa, wembe umefungwa kwenye taulo. Kahawa ilikuwa imeshachujwa. Ulikaa mezani na fulana yako safi, nami nikawa nakata mkate huku nimekupa mgongo, kwa kuwa sikutaka kukuona ukiniangalia.

"Zoraida?"

Nikasimama na kisu mkononi. Wivu ulikuwa umeniziba masikio miezi yote hiyo, maana sasa nililisikia jina lile jinsi lilivyopanda mwishoni. Lilipanda, likasimama, likangoja. Mtu hamwiti mpenzi wake hivyo. Hivyo ndivyo mtu anavyobisha hodi.

Nikageuza kisu, nikagonga ubapa wake mezani. Mara moja.

Mabega yako yakanyooka, hata lile lililolegea likajaribu. Ukakohoa kidogo, ukalaza kiganja chako kizima juu ya meza, ukakipeleka taratibu kutoka ubavu huu hadi ubavu ule, kama mtu anayelainisha karatasi.

"Habari za asubuhi, wenzangu," ukasema.

Ilikuwa sauti nzima. Ilikuwa nzito na yenye joto, ilijaa jikoni ikagonga sufuria, na mimi mkeo nilikuwa naisikia kwa mara ya kwanza. Ndiyo hii waliyokuwa wakipewa, nikawaza. Ndiyo hii. Niliwaonea gere wote, kuanzia meza ya kwanza hadi ya mwisho, nikalia bila kujificha.

Kisha ukakwama. Midomo ilitafuta, ikafunguka, ikafunga. Nilijua kabisa kinachofuata, hata mtoto wa mji huu anajua, tarehe na jina la gazeti. Neno lilikuwa limenijaa mdomoni. Sikukumalizia. Nilivuta kiti changu hadi ncha ya mbali ya meza, nikakaa pale nyuma, nikakungojea.

Yule Zoraida bado nina maneno naye. Siku moja nitarudi nimwulize watu walikuwa wanacheka nini, na safari hiyo nitakaa akinikaribisha.

Gari likasimama nje. Hatua zikaja kibarazani, mlango ukapigwa.

"Edelmira! Fungua, wifi, dereva ana haraka. Yuko tayari?"

Hukugeuka. Ulikuwa unaitazama ncha yangu ya meza, kidole chako kikiwa mwanzo wa mstari ambao mimi sikuuona. Nikagonga kisu kwa mara nyingine, polepole, ujue kwamba bado inafika.

"Ngoja hapo hapo nje, Hortensia," nikamwambia. "Anasoma."