Nyasi Zisizotaka Maji

Fundi cherehani hakuomba makubwa. Aliomba kipande cha ardhi upana wa mkeka cha kupanda nyasi, kando ya ukuta wenye jua kali, na baba mkwe wake asikimwagilie maji. Hilo la pili ndilo lililomtoa roho.

Nyasi zenyewe zilikuwa za urembo tu: shina jembamba kama uzi, masuke laini yanayotikisika mtu akipita. Huota, huchanua na kufa mwaka huohuo, na asiyevuna mbegu amezipoteza. Marehemu mama yake alizipanda mlangoni maisha yake yote, na kwenye bahasha aliyomwachia zilikuwa zimebaki mbegu za kupanda mara moja. Zilitaka jua na udongo mkavu. Zikizidishiwa maji hulala na kuoza kabla ya kukomaa.

Sasa mweleze hayo mzee aliyefanya kazi idara ya maji miaka thelathini.

"Baba, nakuomba, usiziguse."

"Sizigusi, mwanangu."

Na kweli hakuzigusa. Alimwagilia tuta la mchicha lililo jirani, asubuhi na jioni, mpaka maji yakafurika na kwenda yenyewe kwenye nyasi. Fundi akapanga mawe ya kuzuia. Mzee akasema mchicha umekonda, akaongeza ndoo. Sikio la kufa halisikii dawa! Leo fundi ametoka nje na kukuta nyasi zimelala chali, nyeusi shinani.

"Baba! Nimesema mara ngapi? Zilikuwa za mama! Hivi wewe ukiona kitu kikavu unawashwa?"

Mzee aliweka ndoo chini.

"Mama mkwe wako aliomba maji siku ya upasuaji. Daktari alikataza. Nikamnyima, nikijua atakunywa akitoka." Akaitazama ndoo. "Hakutoka. Tangu hapo siwezi, mwanangu. Najua nakosea, na siwezi."

Fundi alikuwa bado na maneno kibao. Hasira yote ilikuwa palepale, ila hakujua aitupe wapi. Akapiga magoti, akapekua matope huku akinung'unika. Kwenye ufa wa ukuta, ambako maji hayakufika, shina moja lilikuwa limejiotea, na masuke yake matatu yalikuwa yamekauka vizuri. Akayapukuchua, mbegu hazikujaza hata kisoda cha chupa. Akamshika mzee mkono, akamtilia kiganjani, akamfumba vidole.

"Tunza wewe. Na zikipata maji, tutagombana."

Mzee alibaki amesimama juani na ngumi yake mbele, akiogopa hata kutoka jasho.