Subiri Matangazo

Siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, saa moja kasoro dakika tano jioni, rasharasha ikiwa imekatika na joto likiwa limerudi juu ya mabati, niliyafukuza matangazo ya biashara nyumbani mwangu. Ninaitaja saa hiyo kwa usahihi kwa sababu niliitazama ukutani na kujipongeza.

Aliyeifanya kazi ni binti yangu, fundi wa madishi. Alipiga magoti nyuma ya televisheni, bisibisi kati ya meno, akaunganisha king'amuzi kipya alichoninunulia.

"Hiki kinarekodi, Baba," alisema. "Kiache kitangulie dakika ishirini hivi, ndipo uanze kutazama. Tangazo likija, bonyeza hapa. Unaliruka."

"Naliruka lote?"

"Lote. Hata ule wimbo wa sabuni hutausikia tena."

Mke wangu alikuwa kwenye kiti chake, akishona upindo wa gauni la mteja. Aliinua macho juu ya miwani. "Na mimi nitasema saa ngapi?"

Binti alicheka. "Mama naye! Sema saa yoyote. Kwani nyumba ya nani?"

"Wewe humjui baba yako. Huyu ni kiranja. Kwake hata kicheko kina kengele yake."

Tulicheka sote watatu. Wakati wa kusema upo, nikamjibu.

Niliingia shule ya bweni nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na kwa miaka miwili ya mwisho nilikuwa kiranja wa bweni. Huko nilifundishwa kwamba mezani hapasemwi, kwamba taa huzimwa saa tatu kamili, na kwamba kila jambo lina saa yake. Mafunzo hayo sikuyaacha langoni. Kisha nikawa mkaguzi wa mizani na vipimo kwa miaka thelathini na miwili. Niliingia madukani na mawe yangu ya shaba ndani ya sanduku la mbao, na sikuwahi kupokea kwa mwenye duka hata soda. Sabuni iliyoimbwa kwenye televisheni kuwa ni ya gramu mia nane niliipima mwenyewe, nikaikuta mia saba na arobaini. Niliandika ripoti. Wimbo ukaendelea kuimbwa. Tangu hapo niliapa kwamba mchuuzi asiyekubali kupimwa hatafungua kinywa sebuleni kwangu.

Kwa hiyo, kabla ya king'amuzi, matangazo yalipoanza nilikuwa nikizima sauti. Taarifa ya habari ilianza saa moja jioni, ikafuatwa na tamthilia, na katika saa mbili hizo matangazo yalikuja mara saba, dakika tatu kila mara. Kipindi kikiendelea, hakuna aliyeruhusiwa kusema. Sauti ikizimwa, mke wangu alikuwa na ruhusa.

"Haya, kengele ya mapumziko hiyo," angesema, akiweka sindano kwenye mto wake mdogo. "Yule bibi wa gauni la harusi amerudi leo. Kavimba kama mkate. Ati nimemharibia kitambaa, gauni linambana. Nikampima upya. Kiuno kimeongezeka inchi tatu! Nikamwambia, dada yangu, gauni halijapungua..."

Hapo msomaji wa habari alirudi. Niliinua kidole kimoja, kama tulivyofanya bwenini, naye akanyamaza palepale. Robo saa baadaye niliizima sauti tena.

"...ni wewe uliyezidi," akamalizia, kama mtu ambaye hakukatishwa hata pumzi.

Nilicheka mpaka nikavua miwani. Ndivyo tulivyoishi. Baada ya miaka mingi alikuwa amejifunza kukata habari zake vipande vya dakika tatu, kama anavyokata kitambaa, bila kupoteza uzi. Asubuhi aliondoka mapema kwenda kwenye chumba cha cherehani alichokodi pamoja na mshonaji mwenzake. Mezani hatukusema. Saa tatu nilizima taa. Alichokuwa nacho ni zile dakika ishirini na moja, na wala sikupata kuzitazama kwa jicho hilo.

Jioni ya kwanza ya king'amuzi, tangazo lilipotokea aliweka sindano kwenye mto na kufungua kinywa. Nilibonyeza. Msomaji wa habari alikuwepo tena kabla kinywa hakijatoa neno. Nilimwona akikifunga. Niliridhika sana na kile chombo.

Dakika nilizookoa sikuzichezea. King'amuzi kilipokuwa kikirekodi, mimi nilikuwa nje, nikiuzunguka mtaa mara mbili kwa mwendo wa haraka, kwa ajili ya afya yangu. Yeye alikuwa jikoni.

Mwanzoni mwa Aprili, katikati ya habari, aliniita. "Kiranja. Nina neno."

Niliinua kidole. "Subiri matangazo."

Ulimi wangu ulisema hivyo kwa mazoea ya miaka. "Matangazo gani?" akauliza, si kwa ukali. Nilisikia. Sikumjibu, kwa kuwa waziri alikuwa akihutubia. Tangazo lilipokuja nililiruka. Saa tatu nilizima taa, naye alikuwa amelala, au nilidhani amelala.

Baada ya siku tano, au sita, alisema tena kwamba ana neno dogo tu, la mkono. Nikainua kidole.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 27 Aprili, alianguka kando ya cherehani yake.

Nilipofika hospitalini nilimkuta daktari, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, akijaza fomu kwenye ujia. Mshonaji mwenzake, mwanamke mnene mwenye futi ya kupimia bado shingoni, alikuwa ameketi kwenye benchi.

"Mzee, ni kiharusi," daktari alisema. "Kabla ya leo kulikuwa na dalili yoyote? Ganzi mkononi? Kuangusha vitu?"

"Hakuna," nilijibu. "Mke wangu hunieleza kila kitu."

Nilijibu kwa sauti ya mtu anayekula kiapo. Mwanamke wa kwenye benchi akainama, akaizungusha futi vidoleni.

"Shemeji, unisamehe," alisema. "Wiki tatu hizi alikuwa anaangusha mkasi. Mara ya kwanza tulicheka, nikamwambia uzee umebisha hodi. Mara ya pili akaniambia mkono haujui kama umeshika kitu. Nikamwambia, mwambie mumeo akupeleke hospitali. Akasema, 'Nitamwambia matangazo yakija.' Kila asubuhi namuuliza, umemwambia? Jibu lake lilikuwa moja: 'Shoga, siku hizi kwetu hakuna matangazo.' Mimi nikadhani utani."

Daktari aliacha kuandika.

"Angekuja wakati ule?" nikamuuliza.

"Mzee..."

"Nimekuuliza. Nijibu."

"Tungempima shinikizo la damu, tukamwanzishia vidonge. Huenda tusingefika hapa." Kisha akaongeza, kwa huruma ambayo sikuiomba, "Huenda."

Aliandika kwenye fomu kwamba dalili zilikuwepo kwa wiki tatu. Nilimtaka aongeze kwamba mume alitoa maelezo yasiyo sahihi. Hakuongeza.

Mke wangu alirudi nyumbani mwezi Juni. Mkono wa kulia ulilala kwenye mapaja yake kama wa mtu mwingine, na maneno yalikuwa yameondoka yote. Mtaalamu aliyemfundisha kutamka alikuja mara mbili kwa wiki hadi Agosti, kisha akanieleza nje ya mlango kwamba anaelewa kila kitu, ila hatasema tena.

Nilimwita binti yangu akiondoe king'amuzi.

"Baba, hiki hakina kosa."

"Najua. Kiondoe."

Alikifungua skrubu moja moja, akakitia kwenye mkoba wake wa kazi. Nilimwona akifuta uso kwa kiwiko. Matangazo yakarudi nyumbani mwangu. Kila yalipoanza nilizima sauti, nikaugeuza mwili wangu kumwelekea mke wangu, nikangoja dakika tatu. Yeye alitazama kioo kilichokosa sauti: watoto wakipiga mswaki, gari likipanda mlima. Nilijaribu kusema mimi. Ndipo nilipogundua kwamba sina habari ya kusimulia. Kwa miaka yote hiyo habari za nyumba hii alikuwa nazo yeye: nani kaolewa, nani kavimba kama mkate, nani kadanganya kipimo cha kiuno. Nilimweleza kwamba mvua inaweza kunyesha. Siku iliyofuata nilimweleza kwamba haikunyesha.

Nilifanya hesabu, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoijua. Jioni arobaini na nne, dakika ishirini na moja kila jioni: dakika mia tisa na ishirini na nne. Hizo ndizo nilizompunja. Maishani mwangu niliwafikisha watu mahakamani kwa gramu sitini.

Jumapili, tarehe 15 Oktoba, habari zikiwa zimefika kama robo saa, nilifanya jambo ambalo sikupata kulifanya tangu tununue televisheni. Niliizima. Nilivuta kigoda, nikakiweka mbele ya kiti chake, nikaketi chini yake kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Rimoti niliiweka juu ya goti langu.

"Mama," nilisema, "nina deni kwako la dakika mia tisa na ishirini na nne. Nimekuja kulipa. Sitainua kidole tena. Sema kwa mkono, sema kwa jicho, hata usiposema nitakaa hapa. Leo, kesho, mpaka ziishe, na zikiisha nitaongeza."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa yaleyale yaliyokuwa yakinichokoza juu ya miwani, na yalikuwa makavu. Yangu hayakuwa makavu. Kisha mkono wake wa kushoto ukasogea, taratibu, ukipapasa, ukafika kwenye goti langu. Nilidhani unanitafuta mimi. Ulichukua rimoti.

Aliinyoosha kupita kando ya sikio langu. Nyuma yangu televisheni ikawaka, na ilikuwa saa ya matangazo. Akabonyeza sauti ikapanda, akabonyeza tena, na tena, hadi wimbo wa sabuni ukajaa sebule nzima na kijiko kikatetemeka ndani ya kikombe.

"Mama," nikaanza.

Aliiweka rimoti pajani, akainua kidole kimoja cha mkono wa kushoto.

Nikanyamaza. Nilisogeza kigoda ili nisimzibe, nikaketi pembeni yake nikasikiliza matangazo yote, moja baada ya jingine, kwa sauti kubwa. Msomaji wa habari aliporudi niligeuka kumtazama. Kidole kilikuwa bado juu. Malipo yangu yalikuwa yamekataliwa.